Degedege limekoma, kwa nini mtoto aendelee na vitamini B6?

Swali: "Mwanangu wa kiume ana mwaka mmoja na miezi miwili, uzito wake kilo 9. Alianza degedege siku ya pili baada ya kuzaliwa. Hospitali ya wilaya walisema alichoka wakati wa kuzaliwa. Akapewa fenobabitoni, kisha fenitoini, degedege halikukoma. Alipofikisha wiki sita tulipelekwa hospitali ya rufaa, akachomwa sindano ya vitamini B6. Alilegea akawa hapumui vizuri, wakamsaidia kwa puto la hewa, lakini degedege likakata palepale. Tangu siku hiyo nampa vidonge vinne vya piridoksini vya miligramu 25 kila siku, na mwaka mzima hajapata degedege. Ndugu wananiambia niache, ni vitamini tu, mtoto amepona na anakula vizuri. Lakini hajaanza kusema wala kusimama. Nikiacha itakuwaje? Na nikizaa mwingine?" (Msomaji, Tanga)

Jibu: Mama, usiache vidonge hivyo, hata kwa jaribio la siku mbili tatu. Wanaokushauri uache hawana nia mbaya, na hoja yao inaingia akilini: vitamini zimo kwenye chakula, mtoto anakula, degedege limekoma, sasa vidonge vya nini? Hoja hiyo ingesimama kama mtoto angekuwa amepungukiwa na vitamini B6. Hakupungukiwa. Degedege la siku ya pili ya maisha, dawa mbili kushindwa, na sindano moja kulikata: hayo yote yanaelekea kwenye ugonjwa adimu uitwao kifafa kinachotegemea piridoksini. Piridoksini ni ile aina ya vitamini B6 inayotengenezewa vidonge. Katika ugonjwa huu vitamini inaingia mwilini vizuri kabisa, kisha inaharibiwa humohumo, kila siku, na kemikali inayotokana na chakula hichohicho anachokula vizuri.

Kupungukiwa na kutegemea ni mambo mawili yaliyotenganishwa miaka ya 1950 huko Marekani. Kuna watoto wachanga waliopata degedege kwa sababu vitamini B6 katika maziwa yao ya kopo ilikuwa imeharibiwa na joto kiwandani. Walipopewa vitamini na maziwa yakarekebishwa, habari yao ikaishia hapo. Mwaka 1954 Hunt na wenzake wakaeleza habari za mtoto wa namna nyingine: B6 ilikata degedege, na degedege likarudi ilipoondolewa. Kwa miaka 50 hivi madaktari walijua dawa inafanya kazi bila kujua sababu, mpaka mwaka 2006 kundi la Philippa Mills na Peter Clayton wa London lilipoonyesha kwamba kasoro iko kwenye jeni iitwayo ALDH7A1.

Kemia yenyewe inaanza na laisini, moja ya asidi amino ambazo protini hujengwa nazo. Dagaa, maziwa, mayai, nyama, maharage na soya vina laisini nyingi. Ile isiyotumika kujenga mwili huvunjwa hatua kwa hatua, hasa kwenye ini, na pia ndani ya ubongo wenyewe. Katika hatua mojawapo laisini huwa imegeuka kemikali iitwayo AASA, na hapo kimeng'enya kinachoitwa antikwitini hutakiwa kuichukua na kuisogeza mbele. Maelekezo ya kutengeneza antikwitini yako kwenye ile jeni ya ALDH7A1. Mtoto aliyerithi jeni yenye kasoro kwa baba na kwa mama hana antikwitini inayofanya kazi, basi AASA inarundikana. Nayo haitulii: hujikunja yenyewe ikawa kemikali nyingine yenye umbo la pete, iitwayo P6C. P6C ndiyo inayoleta balaa. Hukutana na piridoksali fosfeti, ambayo ni vitamini B6 katika hali yake ya kufanya kazi ndani ya seli, ikashikana nayo, na zikishashikana vitamini hiyo haifai tena kwa lolote.

Chakula cha kawaida kina B6 ya kumtosha mtoto mwingine yeyote. Kwa mtoto wako ni sawa na kujaza ndoo iliyotoboka: kijito cha chakula hakiwezi kuijaza, ila ukimimina kwa wingi na bila kukatiza, kiwango ndani kinabaki juu ingawa tundu halijazibwa. Vidonge haviponyi tundu. Ukiacha kumimina, maji hushuka, na ndiyo maana baadhi ya watoto hukaa siku kadhaa, wengine wiki kadhaa, bila dalili baada ya kuachishwa. Muda huo wa utulivu ndio unaowadanganya watu. Degedege likirudi baada ya hapo linaweza kuja mfululizo bila kukatika, na dawa za kawaida hazilishiki. Watoto wamepoteza maisha kwa njia hiyo.

Sasa kwa nini ubongo ndio unaoumia zaidi? Piridoksali fosfeti inasaidia vimeng'enya zaidi ya mia moja mwilini, lakini kimoja kina kazi nyeti kuliko vyote hapa: kile kinachogeuza glutameti kuwa GABA. Glutameti huzichochea seli za ubongo zirushe umeme, GABA huzituliza. Kwa hiyo kimeng'enya hicho kikikosa msaidizi wake hasara inakuja pande mbili kwa pamoja, kichocheo kinabaki kingi na kitulizo kinapungua. Vimeng'enya vingine vinavyotengeneza dopamini na serotonini navyo hutegemea vitamini hiyohiyo. Ndiyo sababu wachanga hawa hawana degedege tu. Wengi hulia bila kubembelezeka, hushtuka kwa sauti ndogo, hutapika, tumbo hujaa, wengine huzaliwa wamelegea. Akina mama wengine husema baadaye kwamba mwishoni mwa mimba walihisi mtoto akidundadunda tumboni kwa mpigo mmoja usio wa kawaida. Lile lilikuwa degedege tayari.

Ukiziweka dalili hizo pamoja, mtu anaona mtoto aliyechoka wakati wa kuzaliwa. Nawaelewa wenzetu wa wilayani. Kuchoka kwa mtoto ni jambo la kila wiki katika wodi ya wazazi, na ugonjwa huu daktari anaweza kustaafu bila kuuona. Makadirio yanayotumika sana siku hizi ni mtoto mmoja kati ya 65,000 hivi. Tatizo ni kwamba jina la kwanza likishaandikwa kwenye faili huwa gumu kufutika. Mchanga ambaye degedege lake halisikii fenobabitoni anastahili kujaribiwa B6 hata kama alichelewa kulia.

Fenobabitoni kushindwa nako kuna maelezo. Dawa hiyo haitengenezi GABA. Inaiongezea nguvu GABA iliyopo. Ikiwa iliyopo ni kidogo, hakuna cha kukiongezea nguvu. Hata hivyo watoto wengine hupata nafuu ya nusunusu kwa fenobabitoni, hivyo nafuu ya siku chache haiondoi shaka ya ugonjwa huu.

Na ile sindano iliyokutisha. Dozi ya kawaida ya jaribio ni miligramu 100 kwenye mshipa. B6 ikifika ghafla kwenye ubongo uliokauka, GABA hupanda kwa kasi na mtoto aliyekuwa hatulii anaweza kulegea, akalala saa nyingi, au akaacha kupumua. Kwa hiyo sindano hii hutolewa palipo na puto la hewa, oksijeni, kipimo cha oksijeni kidoleni na mtu wa kukaa pembeni. Waliomsaidia mwanao walikuwa wamejiandaa, na kilichotokea hakikuwa kosa la dawa. Pia si kila mtoto huitikia sindano ya kwanza. Wengine huhitaji kurudiwa mpaka kufikia miligramu 500 kwa jumla, na kama mashaka bado yapo, hupewa kwa mdomo miligramu 30 kwa kila kilo kwa siku, angalau siku tatu hadi saba, kabla ya kusema haifanyi kazi.

Hapo ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo hukuuliza, nami naliona ni la haraka kuliko uliyouliza. Unampa miligramu 100 kwa siku. Akiwa na wiki sita na kilo zipatazo nne, hiyo ilikuwa dozi nzuri. Leo ana kilo 9, na miligramu 100 zimekuwa kama 11 tu kwa kilo. Mwongozo wa kimataifa unaotumika unasema mchanga apewe miligramu 100 kwa siku. Mtoto wa umri wa mwanzo miligramu 30 kwa kilo, isizidi 300 kwa siku. Wakubwa zaidi na watu wazima 20 hadi 30 kwa kilo, isizidi 500 kwa siku. Kwa kilo 9 hesabu ya 30 inafika 270, yaani karibu vidonge 11 vya miligramu 25, au vitano na nusu vya miligramu 50. Usipandishe mwenyewe kesho asubuhi. Nenda na daftari la kliniki lenye uzito wa leo, umwombe daktari apige hesabu upya, na kila anapopimwa uzito jambo hilo lirudiwe.

Kutokuwa na degedege kwa mwaka mzima hakumaanishi dozi inatosha. Mara nyingi udogo wa dozi hujulikana siku ya homa. Mtoto akiwa na homa, au akikaa muda mrefu bila kula, mwili huanza kuvunja protini ya misuli yake mwenyewe. Laisini inafurika, AASA na P6C zinapanda, B6 inakwisha upesi. Ndiyo sababu madaktari wengi huruhusu dozi iongezwe hadi maradufu kwa siku tatu za mwanzo za homa, bila kuvuka miligramu 500 kwa siku. Omba maelekezo hayo yaandikwe mapema, na kiasi chake kiandikwe kwa idadi ya vidonge, maana usiku wa manane si wakati wa kupiga hesabu. Malaria ipimwe kama kawaida. Kuwa na ugonjwa huu hakumzuii kupata degedege la malaria. Akitapika ndani ya nusu saa baada ya kumeza, rudia dozi. Akitapika kila kitu, usisubiri asubuhi: hospitali wanaweza kumpa kwa mshipa.

Kwa nini kuna kikomo, ikiwa ni vitamini? Kwa sababu piridoksini nyingi mno kwa muda mrefu inaharibu mishipa ya fahamu inayobeba hisia kutoka miguuni na mikononi. Mtoto mdogo hawezi kukwambia kwamba nyayo zimekufa ganzi. Utaona mtoto aliyekuwa anaanza kutembea anayumba, hasa gizani, au anajikwaa na kuumia bila kulia sana. Daktari amgonge kwa nyundo ndogo nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino, kila mwaka kuona kama mguu unaitikia. Mwitikio ukipotea dozi inapitiwa upya. Ndani ya vikomo nilivyotaja madhara haya ni machache, na hofu yake isikufanye upunguze vidonge kimyakimya.

Kuhusu vidonge vyenyewe. Afrika Mashariki tuna bahati moja: piridoksini ni rahisi na inapatikana, kwa kuwa hutolewa pamoja na isoniazidi kwa wagonjwa wa kifua kikuu. Uhusiano huo si wa bahati mbaya. Isoniazidi nayo hushikana na vitamini B6 na kuiharibu, na mtu aliyemeza isoniazidi nyingi kupita kiasi hupata degedege ambalo tiba yake ni B6 kwa gramu. Kwa hiyo, iwapo nyumbani kutatokea mgonjwa wa kifua kikuu na mtoto akatakiwa kuanza isoniazidi ya kinga, waambie kliniki ya TB kabla ya kidonge cha kwanza.

Kosa linalotokea mara kwa mara ni dirishani, famasi. Leo umepewa vya miligramu 25, mwezi ujao vya 50, na mama anaendelea kuhesabu idadi ileile. Soma pakiti kila mara. Kumbuka miligramu, usikumbuke idadi. La pili ni kupewa B complex wakati piridoksini imekwisha. B complex ya kawaida ina miligramu chache tu za B6, haiwezi kuziba pengo. Vile vidonge vya B1, B6 na B12 kwa pamoja vina B6 nyingi zaidi, lakini kiasi hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na ukivitumia kufikisha dozi unambebesha mtoto vitamini nyingine asizozihitaji. Vitumike kwa dharura na kwa agizo la daktari tu. Weka akiba ya miezi miwili, mahali pakavu pasipo na mwanga, kwa sababu B6 huharibiwa na mwanga. Saga vidonge viwe unga, changanya na kijiko kimoja au viwili vya maziwa uliyokamua au uji, apewe kabla hajashiba. Usitie kwenye kikombe kizima cha uji. Akibakiza nusu hutajua amekunywa dozi gani. Inaweza kutolewa mara moja au kugawanywa mara mbili kwa siku. Idadi ya vidonge ikiwa kubwa, kugawanya huwa rahisi kwa tumbo.

Chakula ni eneo la kuwa na busara. Kwa kuwa sumu inatokana na laisini, tangu mwaka 2012 hivi madaktari wamekuwa wakipunguza laisini kwenye mlo wa watoto hawa, na kuwaongezea arijinini, asidi amino inayogombania na laisini mlango uleule wa kuingia kwenye ubongo. Njia hiyo imeshusha AASA, na inaonekana kusaidia zaidi ikianza mapema utotoni. Lakini inahitaji maziwa maalumu yasiyo na laisini, mtaalamu wa lishe, na vipimo vya damu vya mara kwa mara. Usijaribu nyumbani kwa kumnyima protini; utapata mtoto mwenye utapiamlo, na mwili unaokosa chakula huvunja misuli yake, jambo ambalo nimekwisha kueleza linaelekea wapi. Unachoweza kufanya ni kutozidisha. Unga wa lishe uliojazwa soya, karanga na dagaa kwa pamoja, kisha na maziwa juu yake, kwake ni mzigo. Mpe kiasi cha protini kinachofaa umri wake, kisizidi. Mahindi na mtama kwa asili vina laisini kidogo (watafiti wa kilimo wamehangaika miongo kadhaa kuzalisha mahindi yenye laisini nyingi, na hapa tuna mtoto ambaye udogo huo unamfaa). Kama ananyonya bado, aendelee. Protini ya maziwa ya mama ni kidogo sana kuliko ya maziwa ya ng'ombe.

Umesema hasemi wala hasimami. Nadhani hili ndilo linalokuumiza zaidi, kwa hiyo nitasema wazi. Karibu watatu kati ya wanne wenye ugonjwa huu huchelewa kukua kiakili au kimwili hata degedege likidhibitiwa. B6 inarudisha GABA, ila haiondoi AASA na P6C, ambazo zenyewe zinaonekana kuudhuru ubongo, na madhara mengine yalianza tumboni, ubongo ulipokuwa ukijengwa. Wiki sita za degedege nazo zina mchango wake. Si malezi yako, si lishe yako ya ujauzito, na wala hakuna mtu aliyemtupia kitu mtoto. Mtaalamu wa viungo aanze naye sasa, na tiba ya kusema vilevile, bila kungoja afike miaka miwili. Masikio na macho yapimwe. Kama bado anameza fenobabitoni, muulize daktari juu ya kuipunguza taratibu, kwa wiki kadhaa: inasinziza, na watoto wengi wa aina hii hutosheka na B6 peke yake. Fenobabitoni nayo haikatwi ghafla.

Kuthibitisha ugonjwa hakuhitaji kumwachisha dawa. Zamani ndivyo ilivyofanyika, dawa ikaondolewa ili degedege lirudi. Leo hakuna sababu. AASA hubaki juu kwenye mkojo na damu hata mtoto akiwa anatumia B6. Ila AASA huharibika upesi kwenye joto, mkojo lazima ugandishwe mara moja na usafiri ukiwa barafu, na kwa wengi wetu hapo ndipo kipimo kinapofia. Kipimo cha jeni ni rahisi zaidi kusafirisha: damu kwenye chupa yenye dawa ya kuzuia kuganda, au matone yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, hustahimili safari ya kwenda maabara ya mbali. Mtu asikulipishe kupima kiwango cha B6 kwenye damu kwa ajili hii. Mtoto anayemeza vidonge atakutwa nacho juu, na hakitakwambia chochote.

Jeni ikikutwa salama, daktari atafikiria ndugu wa ugonjwa huu. Upo mmoja, wa kimeng'enya kiitwacho PNPO, ambao mwili unashindwa kuibadili piridoksini kuwa piridoksali fosfeti, na baadhi ya watoto hao huhitaji kupewa piridoksali fosfeti yenyewe, mara nyingi kwa siku. Mwanao kuitikia piridoksini vizuri hivi kunafanya uwezekano huo uwe mdogo, ingawa haufutiki.

Kuhusu mtoto mwingine. Ikiwa wewe na baba yake mnabeba jeni hii moja moja, ninyi wenyewe mkiwa wazima, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Mkiwa mabinamu uwezekano wa kukutana na jeni ileile ni mkubwa zaidi, lakini hutokea pia kwa wasio na undugu wowote. Kwa hiyo majibu ya jeni ya huyu wa kwanza yapatikane kabla hujashika mimba, ukiweza. Ukishika mimba, mwambie daktari wa kliniki ya wajawazito mapema. Kuna utaratibu wa mama kutumia piridoksini miligramu 100 kwa siku wakati wa ujauzito, kwa agizo lake. Panga kujifungulia hospitali yenye chumba cha watoto wachanga, na barua iwe kwenye faili lako tangu mwanzo. Mtoto aanzishiwe B6 siku anayozaliwa bila kungoja degedege, chini ya uangalizi wa kupumua, na achukuliwe damu ya kupima jeni iliyokwisha kujulikana kwa kaka yake. Majibu yakisema hana ugonjwa, daktari ataachisha vidonge vyake. Yakisema anao, anaendelea navyo, na mtaalamu wa lishe aitwe wiki hiyohiyo.